Saitoplazimu ya ogura haishushi mavuno ya kanola

Jamani wiki hii tena mteja kaniambia "hiyo chotara ina ogura, siitaki, inashusha mavuno". Nimelisikia hili mpaka basi. Ogura ni saitoplazimu, yaani sehemu ya seli iliyo nje ya kiini, inayofanya mmea wa kanola (zao la mbegu za mafuta) usitoe chavua, ndo maana inatumika kwa mama wa mbegu chotara ili asijichavushe.

Zamani ilikuwa kweli. Mtafiti Ogura aliripoti figili ya Kijapani isiyotoa chavua mwaka 1968, alafu ile saitoplazimu ilipohamishiwa kwenye kanola ilikuja na vyote, mitokondria (zinazotoa nishati ya seli) na kloroplasti (sehemu za kijani za seli) za figili, na kloroplasti ya figili na kiini cha kanola havipikiki chungu kimoja, baridi ikiingia tu majani yanakuwa njano, maua nayo hayana nekta ya kutosha kuvuta nyuki, sasa mavuno yatoke wapi? Lakini mwaka 1983 Pelletier na wenzake kule Ufaransa waliunganisha protoplasti (seli zilizovuliwa ukuta) wakapata mimea yenye kloroplasti ya kanola na bado haitoi chavua. Umanjano ukaisha. Inayotumika leo kwenye chotara za ogura ni hiyo iliyorekebishwa.

Lawama nyingine wala haikuwa ya saitoplazimu. Jeni ya kurudisha chavua, Rfo, nayo ilitolewa kwenye figili, ikaburuta kipande kilichopandisha glukosinolati (kemikali kali zisizotakiwa kwenye mbegu za kanola) mpaka wazalishaji walipokikata. Hiyo iko kwenye kiini jamani!

Ukitaka kujua saitoplazimu inafanya nini, chavusha kwa baba yuleyule tena na tena, vizazi sita au saba, ndo ulinganishe kiini kilekile kwenye saitoplazimu mbili, zikae jirani, misimu zaidi ya mmoja. Kulinganisha chotara mbili tofauti ni kulinganisha viini. Na laini tasa (isiyotoa chavua) usiipande peke yake bila baba wa chavua alafu useme haizai, naomba sana.

Wengine wanasema kila kitu kiko kwenye kiini, ukigeuza mama na baba hakuna tofauti. Hapana, mitokondria ina jeni zake na inatoka kwa mama, jeni inayozuia chavua, orf138 ya ogura, iko humo, orf224 ya polima, saitoplazimu nyingine tasa, pia.

Na sio kwamba saitoplazimu tasa zote ni zilezile. Polima, ya Fu Tingdong kule China mwaka 1972, joto likibadilika inaanza kutoa chavua, mama anajichavusha na mbegu zako za chotara zinachanganyika. Ogura inatulia.

Kuhusu chotara kuwa tasa shambani, haiwi, baba kaleta Rfo. Ila ukitunza mbegu zake ukapanda tena, kama robo ya mimea haitatoa chavua.