Gari inamisi ukikanyaga mafuta: tunayoambizana na ukweli wenyewe

Gari ikiwa imesimama inanguruma freshi kabisa, unaingia barabarani unakanyaga mafuta umpite mtu, inaanza kushtuka shtuka kama inataka kuzima, ukiachia mguu inatulia. Hiyo ndo misi, yaani kuna silinda haiwaki sawasawa. Hapo ndo kila mtu anageuka fundi, na mengi utakayoambiwa ni ya kukulia hela tu.

La kwanza na ndo linalopoteza wengi: "mbona sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) imetulia, basi moto uko poa". Hapana aisee. Injini ikiwa sailensa hewa inayoingia kwenye silinda ni kidogo, mgandamizo mdogo, cheche inaruka bila shida hata kama koili (kile kifaa kinachoipa plagi umeme) imechoka. Ukikanyaga, hewa inajaa, mgandamizo unapanda na cheche sasa inataka volti nyingi zaidi kuruka uwazi uleule wa plagi, koili ikishindwa ndo unasikia ule mshtuko. Kwa hiyo kutulia sailensa hakuthibitishi kitu, shida ya namna hii itafute gari ikiwa na mzigo, yaani kwenye mlima, gia kubwa, mguu chini.

Afu kuna ile "we badilisha plagi zote itapona". Inaweza ikapona kweli, plagi ni chanzo cha kawaida sana, ila zitoe kwanza uzisome kabla hujanunua. Ikiwa nyeusi ya masizi makavu mafuta yanazidi au haiwaki vizuri, ikiwa nyeupe pee mafuta yanaweza kuwa hayatoshi au inapata joto kupita kiasi, na ukikuta tundu la plagi limejaa oili basi gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) imekufa, utaweka plagi mpya na zitarudi kulekule maana oili inaharibu ule mpira wa koili. Na kama zako ni za iridiamu, nyingi zinafika kilomita 100,000, usizitupe kwa mazoea tu.

Koili nayo usiinunue kwa kubahatisha, kuna kipimo cha bure kama gari yako ina koili moja kwa kila plagi. Tuseme mashine ya kupimia gari imesoma kodi (namba ya hitilafu) P0302, yaani silinda ya 2 inamisi. Chukua koili ya silinda ya 2 iweke ya 3, ya 3 irudi kwa 2, futa kodi, kaendeshe mpaka imisi tena. Ikija P0303 koili ndo mbaya, umemaliza. Ikibaki P0302 hamisha plagi kwa mtindo huohuo, ikigoma angalia nozo inayopulizia mafuta, afu pima kompresheni (ule mgandamizo wa silinda). Kazi ya nusu saa hivi kwenye gari nyingi na hujanunua hata skrubu.

Sasa hii ya mashine. Watu wanaamini ukichomeka kompyuta inakutajia kifaa cha kununua. Kompyuta inataja ilichokiona, sababu unaitafuta mwenyewe. P0171 kwa mfano maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, basi, haijasema oksijeni sensa imekufa, lakini sijui ni sensa ngapi nzima zimeng'olewa kwa sababu ya hio kodi moja. Inaweza kuwa mpira wa hewa umepasuka, sensa ya hewa imechafuka, au pampu imechoka. Mwambie fundi akuoneshe yale marekebisho ya mafuta (fuel trim, yaani kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kiasi gani) kwenye skrini gari ikiwa inatembea (kama hajui yako wapi tafuta fundi mwingine, mi nasema ukweli). Injini ikiongeza mafuta mengi sailensa afu inapungua raundi zikipanda, kuna sehemu inavuta hewa ya wizi. Ikiwa kinyume, sailensa iko sawa ila mzigo ukiongezeka nayo inazidi kuongeza, basi angalia filta ya mafuta, pampu, au sensa ya hewa inayosoma pungufu. Hio sensa isafishwe na spirei yake maalum, usiisugue na kitambaa, ule waya ni mwembamba mno.

Pampu pia isipimwe gari ikiwa imesimama tu, presha inaweza kusoma vizuri hapo afu ikaanguka injini ikitaka mafuta mengi.

Mafuta ya oktani ya juu hayatibu misi. Yanazuia injini kugonga, koili mbovu itabaki mbovu.

"Chomoa betri uirisetishe." Unafuta kodi na kumbukumbu yote ambayo ingemsaidia fundi, taa ya injini (check engine) inazima siku mbili tatu, inarudi.

Na taa ikianza kupepesa usiseme utaangalia kesho, achia mafuta, endesha taratibu au simama. Kupepesa kule ni misi nzito, mafuta yasiyoungua yanaenda kuungulia ndani ya masega (kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi) mpaka masega yanayeyuka. Ndo maana wale wanaosema "toa masega gari ipumue" mara nyingi wanatoa aliyeumizwa na kumwacha aliyeumiza. Masega yakiziba kweli gari inakosa nguvu, sikatai, ila uliza kwanza yalizibwa na nini.

Mwisho kuna mshtuko usiotoka kwenye injini kabisa. Gari ya otomatiki, unaenda mwendo wa kati, unakanyaga kidogo tu na inatetemeka kama unapita kwenye rasta, kodi ya misi hakuna. Gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto huku umeshikilia mafuta, pasipo na gari nyuma. Mtetemo ukikata palepale, plagi na koili ziache zilivyo, kaangalie oili ya giaboksi na tokikonveta (kiungo kati ya injini na giaboksi ya otomatiki).