Gari la Umeme la Kukodi: Yatazame Magurudumu Kabla ya Kutia Sahihi

Mtu anayekodi gari la umeme kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu huuliza kwanza malipo ya kila mwezi, kisha mwendo ambao gari litakwenda kwa chaji moja, kisha mahali pa kulichaji. Magurudumu huulizwa mwisho au husahauliwa kabisa, na sisi tunaofundisha ufundi wa magari hapa Malindi tunaona kuwa yangestahili kuulizwa mapema zaidi, kwa sababu gharama zake humwangukia mteja mwenyewe.

Katika mkataba wa namna hii gari hubaki mali ya kampuni. Siku ya kulirudisha, mkaguzi hulizunguka akiandika kila ila, na rimu iliyokwaruzwa na ukingo wa barabara haifichiki. Wengi hudhani bima italipa. Hata hivyo, hati nyingi za bima, hata zile zinazogharamia uharibifu wa gari lenyewe, huondoa waziwazi uharibifu wa tairi unaotokana na pancha, kukatwa, kupasuka au kufunga breki, isipokuwa sehemu nyingine ya gari iwe imeharibika katika ajali hiyo hiyo. Kwa hiyo mteja adai mkataba utaje kwa vipimo mkwaruzo unaokubalika, kina cha kashata za tairi (mistari iliyochongwa usoni mwake) wakati wa kurudisha gari, aina ya tairi linaloruhusiwa kuwekwa badala ya lililochakaa, na iwapo anaweza kumchagua fundi mwenyewe. Kampuni ikikataa kuandika mambo hayo, ni afadhali kutafuta nyingine. Siku ya kulipokea gari, rimu zote nne zipigwe picha zenye tarehe, upande wa ndani pia.

Gari la umeme huyachosha magurudumu kuliko gari la petroli la ukubwa uleule, na sababu kubwa ni uzito. Betri ya Nissan Leaf ya kilowati-saa 24, ambayo ni ndogo kwa viwango vya leo, inakaribia kilo 300. Zaidi ya hayo, mota ya umeme hutoa nguvu yake yote papo hapo dereva anapokanyaga, na tairi husagika haraka kwa dereva mwenye papara. Tairi la kubadilishia lisichaguliwe kwa bei peke yake. Kando ya ukubwa wake huandikwa namba ya mzigo: 91, kwa mfano, maana yake ni kilo 615 kwa kila tairi. Namba hiyo isiwe chini ya ile iliyopendekezwa na mtengenezaji.

Ukubwa wa rimu nao una uzito wake katika uamuzi. Tairi la 205/55, yaani lenye upana wa milimita 205 na ubavu wa asilimia 55 ya upana huo, lina ubavu wa karibu milimita 113, ilhali la 235/35, la rimu kubwa zaidi, lina milimita 82 tu, na huo ndio mto pekee uliopo kati ya rimu na shimo la barabarani. Rimu kubwa hupendeza macho, lakini kwa mtu atakayepita njia za matumbawe kuelekea ufuoni, au barabara zenye mashimo baada ya masika, ushauri wetu ni kuomba rimu ndogo zaidi ambayo mtengenezaji ameiruhusu kwa gari hilo.

Presha ipimwe asubuhi kabla ya gari kutembea, kwa kufuata kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Taa ya dashibodi isisubiriwe, kwa kuwa mara nyingi huwaka presha ikiwa imeshuka sana. Tairi lenye upepo mdogo huruhusu rimu kugonga jiwe, na pia hula chaji. Anayepunguza upepo ili apite mchangani aurudishe mara tu anapofika kwenye lami.

Pancha inapotokea, hatari kubwa zaidi ni jeki. Betri imelala chini ya sakafu, na fundi wa kando ya barabara aliyezoea kuweka jeki popote penye chuma anaweza kuipasua au kuibonyeza, hasara ambayo haina ulinganisho na bei ya tairi. Mteja amwonyeshe fundi sehemu nne za kunyanyulia zilizochorwa katika kitabu cha gari, na asione haya kusimama hapo mpaka gari linyanyuke. Magari mengi ya umeme hayana tairi la akiba, bali chupa ya gundi na pampu ndogo, na gundi hiyo haizibi ubavu uliochanika. Gari likishindwa kutembea libebwe juu ya lori, kwa kuwa kulikokota huku magurudumu yanayoendeshwa na mota yakizunguka kunaweza kuiunguza mota.

Chumvi ya bahari huila rimu ya alumini, hasa penye mkwaruzo, na breki za gari la umeme hupata kutu kwa sababu mota yenyewe hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo. Magurudumu yaoshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, na breki zikanyagwe kwa nguvu kiasi panapokuwa salama ili disiki zijisafishe.

Mwezi mmoja kabla ya mkataba kwisha, mteja aombe ukaguzi wa awali kwa maandishi. Mkwaruzo wa juujuu unaweza kusuguliwa na kupakwa rangi na fundi wa bei nafuu, ikiwa mkataba unaruhusu. Rimu iliyopata ufa isichomelewe, ibadilishwe.