Ati nanasi na maziwa ni sumu? Maneno ya watu kuhusu juisi mchanganyiko

Kaskazi ikishaingia hapa Unguja kila nyumba blenda inalia, na kila blenda ina mtu pembeni anatoa fatwa zake. Iliyotia fora ni hii: ukichanganya nanasi na maziwa ushatengeneza sumu, mnywaji anakufa. Hafi mtu. Nanasi lisopikwa lina kimeng'enya kinaitwa bromelaini, kazi yake kuvunjavunja protini, sasa kikikutana na protini ya maziwa, na ile asidi nayo ipo, maziwa yanakatika na yanafanya uchungu, ukiiacha kidogo tu mezani hainyweki tena, mgeni atahisi umemkusudia. Kama maziwa unayataka kweli, chemsha nanasi kwanza, lipoe, moto unakimaliza hicho kimeng'enya. Au tia tui la nazi, na mi naona tui ndo linalipendeza nanasi zaidi.

Halafu kuna wanaosema barafu inaua vijidudu. Haiui! Vingi vinalala tu humo, ikiyeyuka kwenye glasi vinaendelea na kazi zao, na barafu ya maji yasochemshwa inaweza kukuletea kuhara na hata kipindupindu, kwa hiyo chemsha, poza, ndo ugandishe.

Na wale wa "tia vidonge viwili tu vya barafu isije ikawa maji" wanajiharibia wenyewe, maana vichache vinayeyuka vyote mara moja, glasi iliyojaa barafu inapoa haraka na barafu yake inakaa. Mi siitii kabisa, nagandisha vipande vya embe boribo tangu usiku, asubuhi navisaga na pasheni, ndimu na tangawizi kidogo.

Sasa hili la sukari ndo baya. "Sikutia sukari, mwenye kisukari anywe tu." Subiri kwanza. Shirika la Afya Duniani sukari ya ndani ya juisi linaihesabu sawa na ya kwenye mfuko, asali pia imo, na linasema ni bora isizidi kama gramu 25 kwa siku, wakati glasi moja ya mililita 250 ya juisi ya machungwa inakaribia hapo. Tunda zima afadhali, lina nyuzinyuzi zake.

Mbegu za pasheni hazina madhara, ila usizisage sana, zungusha mara mbili tatu uchuje. Na juisi ya parachichi ikifanya rangi ya kahawia juu haijaoza, ni hewa hiyo, ungeikamulia ndimu mapema isingekuwa hivyo.