Saa nane ni saa ngapi? Mafunzo ya mteknolojia wa dawa

Nimefanya kazi ya uteknolojia wa dawa hapa Nairobi kwa miaka 15, na kwa miaka minane ya mwisho nimekuwa nikiwapokea wanafunzi wanaoletwa hospitalini kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Vijana na wazazi wao huniuliza sana kuhusu karo, alama za kujiunga na muda wa masomo, na nitayagusa hayo, lakini hayo si mazito. Jambo zito ni lile linalotokea dirishani, wakati dawa inapotoka mkononi mwa mtaalamu na kuingia mkononi mwa mgonjwa. Ninaamini kwa dhati kwamba hapo ndipo mafunzo haya hukamilika au huharibika, na kwamba vyuo vyetu vinalitengea jambo hilo muda mdogo mno.

Nchini Kenya, mteknolojia wa dawa si mfamasia, ingawa mtu anayesimama kwenye foleni hawezi kututofautisha na mara nyingi hutuita sote "daktari". Mfamasia husoma shahada kwa miaka mitano katika chuo kikuu, nasi tunasoma stashahada ya miaka mitatu. Sote tuko chini ya Sura ya 244 ya Sheria za Kenya, yaani Sheria ya Dawa na Sumu, na chini ya Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo huidhinisha vyuo, hutahini, huandikisha na kutoa leseni inayofanywa upya kila mwaka. Wengi wetu tumepitia Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC), taasisi iliyoanza mwaka wa 1927, ambayo makao yake makuu yako karibu na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Mwombaji huhitaji wastani wa C katika mtihani wa kumaliza shule ya sekondari (KCSE), na alama zake za kemia na baiolojia huchunguzwa kwa makini. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisha kwamba chuo kimo katika orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na Bodi. Amewahi kunijia binti aliyesoma karibu miaka miwili katika chuo kimoja cha katikati ya jiji, akalipa karo yote, kisha akagundua kwamba cheti chake hakingemfikisha kwenye mtihani wa Bodi. Sikuwa na la kumwambia isipokuwa aanze upya, na sijausahau uso wake.

Darasani mwanafunzi hukutana na famakolojia, yaani jinsi dawa inavyotenda mwilini na mwili unavyoitendea dawa, pamoja na kemia ya dawa, anatomia, utengenezaji wa dawa, sheria na maadili ya kazi, na usimamizi wa bohari. Katika bohari, kanuni inayomkaa kichwani mapema ni kwamba dawa itakayoisha muda mapema ndiyo itakayotoka kwanza, hata kama imeingia jana.

Siku ya kwanza dirishani simpi mwanafunzi cheti cha dawa cha mgonjwa. Mimi humpa trei ya kuhesabia, kisu chake butu na kopo la tembe, nikamwomba anihesabie 84. Anayejua kazi husogeza tembe tano tano, macho yakiwa kwenye trei na mdomo ukiwa umefungwa, kwa sababu anayehesabu huku akizungumza hukosea. Akimaliza, mimi humwuliza kama ameitazama trei. Mara nyingi pamebaki unga mweupe, mwembamba kama vumbi la chaki, ambao hakuuona. Iwapo tembe zile zilikuwa za jamii ya penisilini, na mgonjwa afuataye mwili wake haupatani nayo, unga huo mdogo unaweza kumdhuru vibaya. Kwa hiyo trei hufutwa kila baada ya dawa moja, bila kujali urefu wa foleni.

Kisha huja hesabu, nazo ndizo zinazowatisha wengi. Chukua parasetamoli ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, na mtoto wa kilo 6 aliyeandikiwa miligramu 15 kwa kila kilo. Anahitaji miligramu 90 kwa kila kipimo, na kwa kuwa kila mililita ina miligramu 24, jibu ni mililita 3.75. Kulipata jibu hilo karatasini ni rahisi. Ugumu unaanza mama anapotuambia kwamba nyumbani ana kijiko, kwani vijiko vya chai havilingani, na hakuna kijiko chochote kinachopima 3.75. Mwanafunzi aliyekomea kwenye karatasi hujiona amemaliza, ilhali yule ninayemtaka hutafuta bomba dogo la kupimia lisilo na sindano, akamwonyesha mama kwa kidole mstari wa kufikia, akachora alama kwa kalamu isiyofutika. Tunawasisitizia pia waandike sifuri kabla ya nukta, kwa maana ".5" iliyoandikwa kwa haraka husomwa "5", na kosa hilo ni la mara kumi.

Niliyojifunza mwenyewe kuhusu dirisha nilifundishwa na nyanya mmoja wa Kayole nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Alikuja na mjukuu wake, mvulana wa miaka mitatu hivi, akiwa ameandikiwa amoksilini ya maji kila baada ya muda wa saa nane, maana yake mara tatu kwa siku. Nilimkabidhi chupa na kumwambia kwa heshima zote, "Nyanya, umpe kijiko kimoja kila saa nane." Alinishukuru akaenda zake. Siku ya nne alirudi, mtoto bado ana homa, na nilipomwuliza kama alikuwa amempa dawa ipasavyo alinijibu bila kusita: "Daktari, nimempa kama ulivyosema, saa nane mchana na saa nane usiku. Usiku naweka kengele ya simu nisije nikalala."

Mtoto alikuwa akipata vipimo viwili badala ya vitatu, na nyanya yake alikuwa akiamka katikati ya usiku ili atimize agizo ambalo sikuwa nimelitoa. Hakukosea hata kidogo. Kwa Kiswahili chake, ambacho ni Kiswahili sahihi, saa nane ni saa nane. Agizo lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza, nami nikalibeba vilevile hadi mdomoni bila kufikiri litasikika vipi kwa mtu anayehesabu saa zake kuanzia jua linapochomoza. Hata "kila baada ya saa nane" haiponyi tatizo, kwa kuwa msikilizaji anaweza kuelewa kwamba dawa inywewe saa nane ikishapita. Walimu wa Kiswahili hutukemea tunaposema "masaa", lakini nakiri kwamba dirishani nimeona "masaa manane" ikiwaokoa watu, kwa sababu angalau inaonyesha kwamba tunataja muda na si wakati.

Tangu siku hiyo sisemi muda pekee. Ninataja nyakati zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Vipimo hivyo vitatu viko mbali sawasawa, na mama anaweza kuvipachika kwenye mambo ya kila siku, chai ya asubuhi, chakula cha mchana na kulala. Wanafunzi wangu wanavijua kwa moyo. Nimewaomba pia waachane na "1x3", yaani tembe moja mara tatu kwa siku, iliyozoeleka juu ya bahasha za dawa, kwa kuwa nimekutana na mgonjwa aliyeisoma kuwa tembe moja kwa siku tatu. Hata "kutwa mara tatu", maneno mazuri ya wazee wetu, yana hatari yake. Kutwa ni mchana hadi jua linapotua, na mtu makini anaweza kumaliza vipimo vyote vitatu kabla ya magharibi.

Dawa ya malaria tunayoiita AL inaonyesha vizuri jinsi maneno haya yanavyobeba uzito. Mtu mzima hupewa tembe 24, nne kwa kila kipimo, vipimo sita kwa siku tatu. Kipimo cha kwanza hunywewa papo hapo, cha pili muda wa masaa manane baadaye, na vilivyobaki asubuhi na jioni. Mgonjwa aliyeipokea saa tano asubuhi basi atakunywa cha pili saa moja jioni, na mwanafunzi lazima amfanyie hesabu hiyo pale pale. Lazima pia amwambie aile pamoja na kitu chenye mafuta, chai ya maziwa au parachichi, kwa kuwa dawa hiyo hufyonzwa vizuri zaidi mwilini kukiwa na mafuta. Agizo hilo huchukua sekunde chache kulitamka, na nimesikia likirukwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kuhusu dawa za unga zinazotiwa maji, mwanafunzi hufundishwa kugonga chini ya chupa ili unga ulegee, kutia karibu nusu ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kutikisa, kisha kuongeza hadi kwenye mstari povu likishatulia. Maji yakimiminwa yote kwa pamoja, unga huganda chini, mtoto akapata dawa hafifu siku za mwanzo na kali mno siku za mwisho. Tukipewa nafasi tunaitia maji wenyewe kabla haijaondoka. Mama asiyekuwa na maji safi karibu naye asiachiwe kazi hiyo.

Yapo mengine ninayoyapitia nao haraka zaidi: majina yanayofanana, kama kabimazoli ya tezi la shingo na kabamazepini ya kifafa, ambayo hatuyaweki kwenye rafu moja, insulini inayokaa kati ya nyuzi 2 na 8, kamwe si kwenye sehemu ya barafu, na morfini ya wagonjwa wa saratani, iliyofungiwa kabatini na kuandikwa kwenye rejista ambamo kila mililita huhesabiwa na kutiwa saini.

Juma la mwisho la mafunzo ninamkabidhi mwanafunzi dirisha kwa asubuhi nzima, nami hukaa nyuma yake kimya. Sihesabu wagonjwa aliowahudumia. Ninasikiliza kama, baada ya kueleza, amemwomba mgonjwa amrudishie maelezo kwa maneno yake mwenyewe, na kama amengoja jibu. Muhula uliopita nilimsikia mmoja akimwuliza mzee mwenye shinikizo la damu, "Baba, hii utaimeza lini?" Mzee akajibu, "Nikisikia kichwa kinaniuma." Kijana akaufunga upande wa dirisha, akatoka nje, akaketi naye kwenye benchi, akaanza upya kumweleza kwa nini tembe ile humezwa kila siku hata kichwa kikiwa kizima. Foleni ilinung'unika. Nilisimama nikaendelea kuihudumia mwenyewe hadi aliporudi.