Kutoshtakiwa si kusafishwa

"Hakufungwa, basi alisingiziwa." Hivyo ndivyo watu husema kila kiongozi anayetuhumiwa kunyanyasa wafanyakazi anapokwepa jela. Mfuate Andrew Cuomo, aliyekuwa gavana wa New York, uone inapokosea kauli hiyo.

Agosti 3, 2021, ripoti ya uchunguzi uliosimamiwa na Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Letitia James, ilisema Cuomo aliwanyanyasa kingono wanawake 11. Watu 179 walihojiwa. Cuomo alikana, na ameendelea kukana, lakini wiki moja baadaye alitangaza kujiuzulu. Kisha waendesha mashtaka wa kaunti kadhaa wakaamua kutomshtaki; kesi pekee ya jinai, huko Albany, ikafutwa Januari 2022. Wafuasi wake wakashangilia: ameshinda!

Ameshinda nini? Mwendesha mashtaka wa Albany mwenyewe alisema mlalamikaji anaaminika, ila hakuona jinsi ya kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka. Kipimo hicho cha jinai kimewekwa juu makusudi, maana mshtakiwa anaweza kupoteza uhuru wake. Unyanyasaji kazini, kwa sehemu kubwa, ni suala la madai na nidhamu, ambako huulizwa lipi lina uwezekano mkubwa zaidi. Bosi anaweza kuvunja sheria ya kazi kwa maneno machafu tu, bila kutenda jinai yoyote.

Wapo pia wanaoisoma ripoti ile kama hukumu. Nao wamekosea: haikutolewa na mahakama, na mawakili wa Cuomo hawakupata nafasi ya kuwadodosa mashahidi.