Yoga nidra sio kulala tu, na mengine wengi wanayoelewa vibaya

Watu wengi wanaanza yoga nidra, yaani zoezi la kulala chali na kutulia ukifuata sauti inayokuongoza, na hamu kubwa halafu wiki mbili hawapo, na ukiwauliza unakuta shida sio zoezi lenyewe, shida ni walichoambiwa kabla hawajaanza.

"Lisaa limoja la yoga nidra ni sawa na masaa manne ya usingizi." Hii ndo inaniuma kuliko zote maana inaumiza watu kweli, mtu analala masaa matatu usiku halafu mchana anajinyoosha kwenye mkeka nusu saa akiamini deni limeisha. Halijaisha. Usingizi una hatua zake, kuna ule mzito na kuna ile ya ndoto ambapo macho yanachezacheza chini ya kope, mzunguko mmoja ni kama dakika 90 hivi na ubongo unauhitaji wote. Yoga nidra inatuliza, sikatai, ukitoa pumzi ndefu taratibu mapigo ya moyo yanapungua na misuli inalegea, ila mtu mzima bado anahitaji masaa 7 na zaidi ya kulala.

Sasa wengine wanasema si jina lenyewe ni usingizi? Ndio, nidra kwa Kisanskriti ni usingizi, hapo ndo wanapopotea. Unalala chali kwenye shavasana, yaani mkao wa maiti, mwili unatulia kama umelala lakini wewe uko macho ndani, unafuata sauti inayokuongoza. Ukipitiwa na usingizi usijilaumu, ulikuwa umechoka, jaribu tena saa ambayo hujachoka sana.

"Lazima usiwaze kitu." Hapana jamani, hapana. Sauti inakupitisha kidole gumba cha kulia, cha pili, cha tatu, kiganja, kifundo, kiwiko, bega, inaenda haraka bila kukaa mahali, baadaye unaambiwa hisi mwili mzito, sasa mwepesi, sasa joto, sasa baridi. Katikati utajikuta unawaza kazi au ugomvi wa jana. Kile kitendo cha kushtuka "kumbe nimeondoka" na kurudi bila kujigombeza ndo kujitambua kwenyewe, hujaharibu chochote, ndo umefanya zoezi, na ukirudi mara ishirini umefanya mara ishirini.

Kuna wanaoogopa kwamba anayeongoza atakutawala akili. Hapana, unasikia kila kitu na ukitaka kuinuka unainuka.

Halafu hii ya "ina maelfu ya miaka vilevile ilivyo". Neno ni la zamani sana, ila mpangilio huu wa kupitia viungo kimoja kimoja wengi wanaoufuata leo ulipangwa na Swami Satyananda Saraswati, aliyeanzisha shule ya yoga Munger, India, miaka ya 1960. Alichukua vitu vya kale akavipanga upya, mimi naona hilo halipunguzi thamani yake hata kidogo.

Na ya mwisho, kwamba inamtuliza kila mtu. Aliyepitia mambo mazito, ukatili au ajali mbaya, anaweza kufumba macho kwenye ukimya akapata hofu badala ya utulivu. Ikikutokea fungua macho, kaa kitako, egemea ukuta, fanya dakika tano tu au acha kabisa siku hiyo, na kama unatumia dawa za msongo au sonona usiziache kwa sababu ya yoga, ongea na daktari wako kwanza.