King'ora cha mashine ya kontena hakimaanishi dereva amekuona

Kuna ujumbe unaozungushwa kila mara kwenye makundi ya WhatsApp hapa Nairobi, hasa miongoni mwa vijana wa kupakia na kupakua mizigo bandari ya nchi kavu, Embakasi: eti mashine ya kuinua kontena ikilia, imekuona na itasimama, ikinyamaza, pita.

Si kweli, na hilo la "ikinyamaza, pita" ndilo linalonitia hofu zaidi. Kwa kawaida mlio ule huwashwa na gia. Dereva akitia rivasi unalia, hata kama nyuma hakuna mtu. Akiitoa unanyamaza, ingawa mashine inaweza kuwa inakuja mbele. Taa ya chungwa inayomulika nayo hutangaza tu kuwa mashine iko kazini. Jithibitishie: simama mbali, tazama lori likirudi nyuma.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Magari mengi madogo yana vihisi vinavyolia upesi zaidi yakikaribia ukuta. Lakini dereva aliyebeba kontena la futi 40, takriban mita 12, huenda asikuone kabisa. Ngoja akutazame na kukupa ishara ya mkono.

Tafadhali, ukitumiwa ujumbe huo usiusambaze; mweleze aliyekutumia.